Kamera mtego ya bei nafuu: cha kuangalia kabla hujatoa pesa

Kibanda changu cha kutengeneza simu kipo Mang'ula, chini ya Milima ya Udzungwa, na siku hizi siletewi simu na redio peke yake. Naletewa kamera mtego, zile za kufunga kwenye mti zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita. Wanaozileta ni waongoza watalii, walimu wenye klabu za mazingira, na wakulima wanaotaka kujua nani anamaliza mahindi yao usiku. Wengine hawajanunua bado. Wanakuja na tangazo kwenye simu, wananisogezea kioo: "Fundi, hii vipi?"

Kwetu hapa kamera hizi si kitu kigeni. Mwaka 2005 ni kamera ya namna hii iliyompiga picha sange wa uso wa kijivu katika msitu wa Ndundulu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye sayansi ilikuwa haimjui kabisa. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya. Kuanzia 2009 watafiti wakaanza kutega kwenye vituo 60 humu milimani. Ila kamera walizozoea watafiti, kama Reconyx, moja tu inapita shilingi milioni. Mimi nazungumzia ile ya kati ya laki moja na nusu na laki tatu, ambayo mwalimu anaweza kuichangisha na mkulima anaweza kuinunua baada ya kuvuna mpunga.

Na bei ndogo si aibu. Mradi wa Snapshot Serengeti, uliotega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125, ulitumia kamera za kawaida za wawindaji. Walizifungia kwenye makasha ya chuma, kwa sababu fisi akikuta plastiki anaitafuna. Kwa upande mwingine, ile picha ya chui mweusi wa Laikipia aliyoipiga Will Burrard-Lucas, iliyozunguka dunia nzima mwaka 2019, haikutoka kwenye kamera ya aina hii. Ile ni kamera kubwa ya mpiga picha, imeunganishwa na kihisi na flashi za pembeni. Mteja akinionyesha picha ile na kusema anataka "kama hii", namweleza mapema ili tusije tukagombana.

Namba kubwa ya kwenye boksi

Tuanze na kinachouza kamera mbovu kuliko kitu kingine: megapikseli. Boksi limeandikwa 36, jingine 48, jingine 60. Zikifika mezani kwangu na kufunguliwa, ndani mna kioo cha picha kidogo chenye uwezo wa megapikseli chache tu. Zilizobaki zinaongezwa na programu, inayobuni nukta katikati ya nukta. Picha inakuwa nzito bila kuwa kali. Tena faili zito linachelewa kuandikwa kwenye memori kadi, na kamera ikiwa bado inaandika, mnyama wa pili amekwisha pita.

Kwa hiyo ukiwa nayo tayari, ingia kwenye menyu ushushe hadi megapikseli 8 au chini ya hapo. Hutapoteza kitu. Kama bado hujanunua, tafuta picha halisi za usiku zilizopigwa na kamera hiyo hiyo na mtu asiyeiuza, uzikuze. Mtafute kanu au paka. Sharubu zikionekana moja moja, lenzi ni nzuri. Zikiwa ukungu tu kwenye shavu, basi hata hiyo namba 60 haitakusaidia.

Kihisi ndicho unachokilipia

Chini ya lenzi ya kamera yoyote ya aina hii kuna kiplastiki cheupe chenye mistari midogo ya duara. Nyuma yake kuna kikopo cha chuma, upana wake haufiki sentimita moja, chenye kidirisha juu. Humo ndimo kamera inapoamulia kupiga au kutopiga. Kikopo hicho hakioni mnyama. Kinahisi tofauti ya joto inayosogea. Mwili wenye joto ukikatiza mbele ya majani yaliyopoa, kinaiamsha kamera, nayo inapiga.

Ukishaelewa hivyo, malalamiko mengi yanajijibu yenyewe. Mchana wa Novemba hapa bondeni Kilombero, ardhi imepata joto karibu sawa na manyoya ya mnyama, na kihisi dhaifu kinapofuka. Kamera ileile inayonasa panya buku saa kumi usiku inaweza kumkosa nyani anayepita mchana kweupe hatua chache mbele yake. Majani marefu nayo, yakichomwa na jua kisha yakapepea, yanasogeza joto mbele ya kikopo, na unapata mamia ya picha za majani.

Wauzaji huandika umbali wa kihisi: mita 20, mita 25. Umbali huo ni wa mtu mzima au mnyama mkubwa, tena hewa ikiwa imepoa. Sange hana joto la kutosha kuamsha kitu kutoka mita 20. Kwa wanyama wadogo, umbali unaokuhusu ni mita mbili hadi nne, na kipimo chake unaweza kukifanya mwenyewe nyumbani.

Mimi natumia dumu la lita moja. Nalijaza maji ya moto, si ya kuchemka, ya kuvumilika mkononi. Nalifunga kamba ndefu. Kamera naifunga kwenye mwembe, sentimita 40 kutoka ardhini, jioni hewa ikishapoa. Halafu mtoto anakaa upande mmoja na kulivuta dumu polepole likatize mbele ya kamera: kwanza mita mbili, kisha tatu, kisha tano. Kamera nzuri inalinasa dumu hadi mita nne au tano. Iliyochoka inaliona kwenye mbili tu. Watoto wa jirani wanaupenda mchezo huu kuliko mpira, na mimi napata jibu ambalo halipo kwenye boksi. Rudia saa saba mchana, jua likiwa kali, uone jibu linavyobadilika.

Kama unanunua kwa mtu, hasa kamera iliyokwisha tumika, omba uondoke nayo usiku mmoja kwa rehani. Akikataa, kataa na wewe.

Haraka ya kupiga

Tangu kihisi kinapohisi joto mpaka picha ipigwe kuna muda unapita. Kamera za bei ya kati siku hizi hutangaza sekunde 0.2 hadi 0.5, nyingine za bei ya chini kabisa zinazidi sekunde moja. Inaonekana ndogo, lakini piga hesabu. Kwa mita tatu mbele, lenzi ya kawaida inaona upana usiozidi mita tatu. Paa akikimbia mita tatu kwa sekunde, sekunde moja ikipita hayupo. Utabaki na picha za mikia na za njia tupu, na utaanza kuamini kuna majini.

Kipimo chake ni rahisi. Panga mawe manne mbele ya kamera, nusu mita kutoka moja hadi jingine, ukatize kwa kutembea, kisha kwa kukimbia kidogo. Angalia picha: upo kwenye jiwe la ngapi? Ukiwa katikati, kamera ni nyepesi. Ukionekana kisigino tu, imechelewa.

Kamera iliyochelewa kidogo haifai kutupwa. Usiielekeze kukata njia moja kwa moja, bali ipinde kama nyuzi 45, ili mnyama akae muda mrefu ndani ya picha. Usiielekeze sawasawa na njia pia, maana kihisi kinamwona vizuri anayekatiza kuliko anayekuja uso kwa uso. Au itege mahali wanyama wanaposimama: kwenye maji, chini ya mti unaodondosha matunda, penye chumvi.

Kuna muda mwingine ambao wauzaji hawautangazi sana, nao ni wa kurudi tayari baada ya picha ya kwanza. Kundi la nguruwe pori hupita kwa mstari. Kamera inayolala sekunde thelathini itakuonyesha mmoja, ukadhani ni mpweke. Chagua inayoweza kupiga picha tatu mfululizo na kurudi tayari ndani ya sekunde chache.

Taa nyekundu au taa isiyoonekana

Usiku kamera hutumia taa za LED za infraredi, na ziko za aina mbili. Zenye mawimbi ya nanomita 850 zinaangaza mbali zaidi na picha ni safi, lakini zikiwaka unaona vinukta vyekundu. Za nanomita 940 jicho la mtu halizioni, ila mwanga wake ni dhaifu, hivyo picha zina giza zaidi na mnyama anayetembea anatoka na ukungu.

Wengi watakwambia chagua 940 ili usishtue wanyama. Mimi sababu yangu ni nyingine: wezi. Kamera inayowaka nyekundu kando ya njia ya watu inajitangaza. Kama unatega karibu na kijiji, chukua 940 na ukubali picha zenye giza. Ndani ya shamba lako lenye uzio, au kwenye uwanja wa kambi ya wageni penye mlinzi, chukua 850.

Kama picha za karibu zinatoka nyeupe pee, huna haja ya kurudisha kamera. Bandika selotepu nyeupe ya karatasi juu ya nusu ya taa, ujaribu tena. Kwenye vijia vyembamba vya msituni, ambako mnyama anapita mita mbili kutoka kwenye lenzi, karibu kila kamera inahitaji hivyo.

Betri ndizo zitakazokufilisi

Hapa ndipo kamera rahisi inapogeuka kuwa ghali. Nyingi zinakula betri za AA nne au nane; chagua ya nane kama unaweza. Sasa uangalie kilichopo madukani kwetu: betri za kaboni na zinki, zile za redio. Zinafaa redio. Kwenye kamera, taa za usiku zinavuta umeme mwingi kwa ghafla, voteji inaanguka, kamera inazima. Mchana inafanya kazi vizuri tu, hivyo mwenyewe anadhani wanyama wa usiku wamehama.

Alkalaini ni afadhali. Lithiamu za AA za volti 1.5 ndizo bora kuliko zote, zinashika voteji hadi mwisho, lakini bei yake ni kali na huku hazipatikani kwa urahisi. Mimi nashauri za kuchaji za NiMH, zile zinazotunza chaji zikikaa, pamoja na chaja yake. Ila kuna kitu cha kuuliza kwanza: betri hizi zina volti 1.2 tu, si 1.5. Kamera nyingine haizikubali. Itakuandikia betri zimekwisha wakati zimejaa. Soma kitabu cha maelekezo kabla ya kulipa. Kama kimeandika zisitumike za kuchaji, mimi kamera hiyo siichukui hata kwa punguzo.

Angalia pia kama ina tundu la umeme wa nje, na ni la volti ngapi. Likiwa la volti 6, unaweza kuunganisha betri kavu ya tochi ya volti 6, inayouzwa karibu kila mji, ukaifunga ndani ya chombo cha plastiki chini ya mti. Pima kwa mita kwanza ujue chanya iko ndani au nje ya plagi. Nimepokea kamera zilizoungua kwa sababu mtu alichomeka volti 12 kwenye tundu la 6, na hapo fundi hana dawa. Paneli ndogo ya sola inayouzwa pamoja na kamera ni nzuri kwa shamba la wazi. Chini ya miti mikubwa ni pambo.

Betri zikivuja, usikwangue kwa kisu. Uvujaji wa alkalaini unasafishwa kwa pamba yenye ndimu au siki kidogo. Wa zile za kaboni kwa maji ya magadi. Kausha vizuri kabla ya kurudisha.

Memori kadi, mvua, na intaneti

Kadi ya GB 32 inatosha. Picha ya MB 5 inaingia zaidi ya mara 6,000 humo, na kamera nyingi za bei nafuu hazisomi kubwa zaidi ya hapo. Feki zimejaa sokoni: imeandikwa 128, ndani ni 8, na ikijaa inafuta au inaharibu picha bila kukwambia. Ijaze kadi mpya yote kwenye kompyuta, kisha fungua mafaili ya mwisho. Programu za bure H2testw na F3 zinafanya kazi hiyo. Halafu iformati ndani ya kamera yenyewe.

Kuhusu maji, tafuta alama ya IP66, inayodai kasha linazuia vumbi na maji, lakini usiiamini peke yake. Fungua mlango uangalie mpira wa ukingoni: uwe mzima, usiwe na maungio yaliyoachana. Weka tishu kavu ndani, funga, mwagia maji kwa kopo dakika kumi, fungua. Tishu ikiwa na unyevu, rudisha. Msimu wa masika weka ndani pakiti moja ya zile punje za kunyonya unyevu zinazokuja kwenye viatu vipya. Usizibe upande wa lenzi.

Kamera za kutuma picha kwa mtandao zinatamanisha, na hapo ndipo watu wanaagiza Marekani na kujuta. Masafa ya 4G ya kule hayalingani yote na ya laini zetu, na nyingine zinakuja na laini yake pamoja na malipo ya kila mwezi. Kama mtandao ni lazima, muulize muuzaji masafa gani, uyalinganishe na ya kampuni ya simu yenye mnara unaoonekana pale unapotega. Zenye Wi-Fi ni kitu kingine. Hazitumi picha mbali. Unasimama hatua chache kutoka kwenye kamera na kuzisoma kwa simu. Kwa mtu asiye na kompyuta, hiyo nailipia bila kusita.

Unataka kumwona nani?

Mama mmoja mkulima alikuja kibandani mwaka jana. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Nataka kujua, mahindi yangu wanakula nguruwe au wanakula watu?" Nilimwonyesha kamera ya bei ya chini kuliko zote nilizokuwa nazo, yenye Wi-Fi, taa za 850, na haraka ya wastani. Kwa kazi ile haikuhitajika zaidi. Nguruwe pori akishaingia shambani hana haraka. (Walikuwa nguruwe, na mchana nyani. Watu hawakuwamo, jambo lililopatanisha majirani wawili.)

Mwongoza watalii anayetaka chui wa kuwaonyesha wageni yuko tofauti: anahitaji kihisi kikali, 940, na video fupi ya sekunde kumi. Mwalimu wa klabu anahitaji kamera mbili za kawaida kuliko moja nzuri, kwa sababu wanafunzi watataka kulinganisha mtoni na shambani. Anayewatafuta sange na panya afahamu kwamba lenzi nyingi hazioni vizuri karibu zaidi ya mita moja na nusu. Asisogeze kamera kwenye shimo.

Bajeti nayo usiimalizie kwenye kamera. Theluthi moja iende kwenye betri, chaja, kadi, na waya wa chuma wenye kufuli. Mwenye laki tatu achukue kamera ya laki mbili.

Kabla ya kuifunga mtini

Weka tarehe na saa kwa mfumo wa saa 24. Menyu nyingi zinaandika AM na PM, na anayewaza saa zetu akiweka "saa mbili usiku" kuwa 2 PM, data yake yote inageuka: komba anaonekana anatembea mchana.

Ndani ya hifadhi ya taifa hutegi bila kibali. Utafiti unapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na msitu wa hifadhi wa serikali una wenyewe, TFS, wakala wa huduma za misitu. Kwenye ardhi ya kijiji mwambie mwenyekiti wa kitongoji, na uwaambie akina mama wanaokata kuni njia hiyo. Picha za watu zifute, usizioneshe mtu. Ukimpata kakakuona, ambaye biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 2017 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, picha mpelekee askari wa wanyamapori, na kwenye magrupu ya WhatsApp usitaje bonde, usitaje hata kijiji.